Nililipamba Jiko, Mjomba Akakosa Msaada

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila ujue kwanza hii si barua ya mtu wa hivihivi, shule niliiacha njiani lakini kwa moto sina mpinzani, kiwandani kwa mjomba tunapika sabuni za mche na mimi ndiye nalisha jiko, wakata sabuni wananiita Waziri wa Moto. Sasa jiko lenyewe bibi kizee, limepasuka ubavuni, kuni linabugia kama limetumwa, na moshi unaingia kwa fundi cherehani jirani mpaka mashati meupe ya watu yanatoka kijivu, ndipo manispaa ikasema mwisho wa mwezi ama moshi uishe ama tufunge. Mjomba akasikia serikali inasaidia viwanda vidogo, inalipa nusu ya jiko jipya la moshi kidogo na kuni kidogo, ila kwanza wanakuja kupima la zamani, wakikuta linapoteza moto sana ndiyo unapewa.

Mshauri, hayo ya mwisho sikuyasikia vizuri, nilisikia tu wageni wa serikali wanakuja, nikasema Waziri hawezi kuaibika. Mjomba alipokwenda kununua mafuta nikaziba nyufa zote kwa udongo na majivu, nikaomba mabaki ya mbao kavu kwa seremala badala ya magogo yetu mabichi, na siku ya kupima nikalisha kidogo kidogo kama namlisha mtoto uji. Mama mpimaji akachomeka chombo chake kwenye bomba la moshi, akasema, “Hongera kijana, jiko lenu zima kabisa.” Nikamjibu, “Karibu tena mama!” kifua mbele. Kumbe ameandika hatuhitaji msaada.

Sasa mjomba anazunguka akisema chombo cha serikali kibovu, na mimi naitikia, “Kibovu mjomba, kibovu kweli.” Udongo umeshabanduka, magogo yamerudi, fundi cherehani hanisalimii. Nikisema ukweli cheo kinaondoka, nikinyamaza kiwanda kinaondoka. Nifanyeje?

Waziri wa Moto

*

Mheshimiwa Waziri, nimecheka, usinikasirikie, lakini kicheko kimeishia kwenye yale mashati. Wewe unalilia cheo, mjomba wako anafungiwa mlango, halafu unamwacha amsingizie mama wa watu? Koma kuitikia “kibovu”.

Leo hii mkalishe mjomba umwambie yote, hata ile ya uji. Atafoka, mwache afoke. Akimaliza, nendeni wote wawili kwa yule mama, useme mwenyewe ulichofanya, mumwombe aje siku yoyote bila taarifa alikute jiko lilivyo. Nyufa mwonyeshe kwa kidole chako. Siwezi kukuahidi atakubali, ila mpimaji anataka kupima kitu cha kweli, na chenu cha kweli kina hali mbaya ya kutosha.

Halafu, bwana mdogo, kuna jambo umelipita bila kuliona. Jiko jipya linataka kuni kavu na mkono wa kulisha kidogo kidogo, na mkono huo unao, umeshautumia mbele ya shahidi. Akishapima, anzeni kuanika magogo, usingoje mgeni ndipo ufanye kazi vizuri.

Na fundi cherehani anza wewe kumsalimu. Nenda na mche mzima wa sabuni, ukunje mikono ya shati lako, uyafue yale mashati.