Arvella Tutson, Aliyeukalia Mtungi

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu tulipokulaza nyuma ya kanisa, umevaa buti zako za kazi chini ya gauni la zambarau, kama ulivyoagiza. Waliokunja uso siku ile na wakunje tena.

Walisema mtungi wa gesi ndio utakaokuua. Walisema hivyo miaka thelathini na moja, hata mezani kwako, huku wakila mbavu zilizoiva kwenye majiko ya kuchomea nyama uliyoyakata kutoka mitungi hiyo hiyo. Mtungi haukukuua. Moyo ndio uliochoka, Jumapili mchana, ukiwa barazani unabishana na Baba habari za besiboli. Tunalitangaza hapa ili wasikie.

Ulizunguka mashamba yote ya huku mashariki ya Texas ukitafuta mitungi mikuukuu. Ukikuta chapa ya kampuni ya gesi, uliuacha. Cha mtu ni cha mtu. Ukikuta koki ya shaba imeingia rangi ya buluu, ulijua umewahi kubeba amonia ya mbolea, ukauacha pia. Uliouchagua ulifunguliwa uwanjani mbali na moto, ukapumua siku kadhaa, ukang'olewa koki, ukaoshwa kwa sabuni, ukajazwa maji hadi mdomoni, gesi isipate pa kujificha. Ndipo uliposhusha kofia yako ya kuchomelea.

Hatujasahau mwaka ule Shemasi Mabry alipokuletea mtungi mkubwa, akitaka jiko la kanisa kwa sikukuu ya Juni Kumi na Tisa, siku wazee wetu walipotangaziwa uhuru kutoka utumwani.

"Dada Arvella, huu mtupu tangu baba yangu azikwe. Wewe kata tu."

"Ndugu Shemasi, uliojaa una adabu yake. Huo unaouita mtupu ndio unaoua. Niachie wiki mbili."

"Sikukuu Jumamosi hii! Mtu mzima unaogopa bati?"

Akaupeleka kwa Lonzo Prewitt, fundi wa kuchomelea ng'ambo ya daraja. Ulimaliza kahawa yako, ukatupa mpira wa maji nyuma ya gari, ukamfuata. Ulimkuta Lonzo ameshika kiberiti, tayari kuwasha moto wa kukatia. Ukapanda juu ya ule mtungi, na miaka yako sitini na minane, ukaukalia.

"Mama Tutson, shuka, nina kazi!"

"Kata, mwanangu. Nimekaa vizuri. Kata."

"Unajiaibisha bure, Dada Arvella," akasema Shemasi.

"Aibu haijawahi kumchoma mtu."

Ulikaa juani karibu saa nzima. Majirani wakaja kucheka. Mwisho Lonzo akatupa kiberiti. "Haya, lete huo mpira wako!"

Walipoing'oa koki na maji yakaanza kuingia, ilitoka harufu ya gesi kali kama mayai viza, hata mke wa Lonzo akapiga kelele dirishani kwamba wazime jiko. Vicheko vikakatika. Lonzo akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama aliyeazimwa mikono hiyo. Shemasi akavua kofia. Wewe ulishuka, ukauliza kama kuna mtu ana kahawa.

Sikukuu ile watu walikula kuku wa kukaanga, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Jiko lilikuja baadaye, na lipo hadi leo nyuma ya kanisa.

Tangu uondoke, washauri hawaishi. Uzeni mashine. Uzeni kiwanja. Kazi hii si ya mwanamke, mama yenu alikuwa na bahati tu. Binti yako Charlesetta, aliyeshika kazi yako, amewaonyesha lango lilipo. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja mwenye haraka zake, akacheka alipoona pipa la maji. Charlesetta akamwambia, "Maji kwanza, baba. Hutaki, kiti kile pale, kaa mpaka utake." Alitukana, akakaa, akangoja. Karakana haijafungwa, Mama. Haifungwi.

Wanaokukumbuka: mumeo Rayford, anayeendelea kubishana nawe peke yake barazani; binti yako Charlesetta; mwanao Dewayne na mkewe Oneida; dada yako Lurline; wajukuu wanne; na Lonzo Prewitt, aliyekuja mwenyewe kuomba jina lake liandikwe kati ya ndugu. Tumeliandika.

Siku zetu zote tutakukumbuka, na tutakutaja kwa sauti. Atakayechoka kusikia azibe masikio.