Tufani ya Kikombe cha Chai

Jumatatu, 4 Mei 1953
Baraza Kinondoni tena. Mvua. Nimefasiri tangu asubuhi, koo limekauka. Kazi yangu ni ile ile: watu wakimtukana Bwana Shauri, yule Mwingereza wa serikali, namwambia wanalalamika. Yeye akiwadharau, nawaambia atalitazama. Kila mtu anarudi kwake na amani. Mie narudi na mshahara.

Jumanne, 5 Mei
Vigingi vya barabara mpya vimepigwa makaburini. Kimoja kichwani pa kaburi la baba. Mama hakula. Kesho kutwa watu wataenda barazani, na mama ndiye atakayesema. Mkalimani ni mimi. Naogopa, sifichi.

Alhamisi, 7 Mei


Mama alisema kwa adabu: makaburi yasiguswe. Bwana Shauri akacheka. Akatoa ule msemo wao, tufani ndani ya kikombe cha chai. Naujua sana. Aliutoa paa la soko lilipovuja, akautoa maji ya kisima yaliponuka. Maana yake jambo ni dogo, nyie mnalikuza. Huusema asiyeumia. Na kila mara mie nimefasiri, "Anasema atafikiri."

Mama akaniangalia. "Mwanangu, kasema nini hasa?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, na maana yake. Mama hakupandisha sauti. "Mwambie chai ya kikombe cha mwenzio haikuunguzi ulimi. Kisha mwambie hatuondoki."

Nikafasiri vyote. Bwana Shauri akaiva uso. Watu wakakaa chini. Adhuhuri wakaswali uani, wakakaa tena. Vibarua wa barabara, vijana wa humu humu, wakatupa majembe wakaja kukaa nao. Nami nikakaa. Kazi potelea mbali.

Ijumaa, 8 Mei
Kaja Bwana Shauri mwenyewe makaburini, viatu vimejaa tope. Vigingi vimeng'olewa mbele ya macho yetu. Barabara itapita upande wa minazi. Akataka nifasiri kwamba lilikuwa kosa dogo tu. Nikafasiri hivyo hivyo, dogo tu. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Huko njiani wanawake walipiga vigelegele hadi Kinondoni nzima ikajua. Tumeshinda. Najivunia, na sioni haya kuliandika.

Jumapili, 10 Mei
Nimepalilia kaburi la baba. Sijui kama kesho nina kazi. Jioni mama kanimiminia chai. Kaniongezea sukari, najua ni ya Alhamisi. Ilikuwa moto, nikangoja ipoe.