Alichopungukiwa Fergus

Melbourne,
Jumapili, 14 Desemba

Kaka yangu Ross,

Pokea salamu zangu, baada ya kimya ambacho najua kimekuudhi. Mwili wangu ni mzima. Ya moyo nitakueleza huko mbele. Je, hapo nyumbani Tarrabel hamjambo? Goti la shemeji Glenys limetulia, au bado anapanda ngazi kwa kushika ukuta na kumkimbia daktari? Na ngano? Redio imesema Wimmera mmepigwa na joto la nyuzi arobaini na moja siku tatu mfululizo. Nilikuona akilini ukiwa juu ya mashine ya kuvunia, kofia imelowa jasho, ukiitukana injini kama marehemu baba alivyokuwa akiitukana. Ningekuwa ndugu mwema ningekuwa hapo nakuendeshea lori la nafaka.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita, pamoja na keki ya matunda ya shemeji. Mwambie nashukuru. Nimeisoma barua hiyo mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Umeandika kwamba hunilaumu kwa Fergus kukosa kuteuliwa na klabu yoyote ya ligi ya mpira wa Australia, kwamba unajua nilimpigania mwanao mpaka mwisho, na kwamba unaniomba jambo moja tu: nikwambie bila kukuficha kijana amepungukiwa na nini, ili akirekebishe kabla ya uteuzi wa mwaka ujao. Umesema kila akimaliza kuvuna anakwenda kwenye barabara ya maghala na saa mkononi, anakimbia kilomita mbili, anapumzika kidogo, anazikimbia tena, kisha anatapika nyuma ya banda la kunyolea kondoo. Umesema hazungumzi na mtu, na kwamba juzi shemeji alimkuta amelala chini, midomo imekuwa myeupe, na bado anauliza amekimbia kwa dakika ngapi.

Nitakujibu, Ross. Ila nivumilie nianze na habari za huku, kwa sababu jibu limo humo humo, na kwa sababu mimi ni mwoga. Hilo la pili umelijua tangu tukiwa watoto.

Klabu yetu ya Port Selwyn imechukua vijana watatu mwaka huu, na unamjua bosi wangu Manolakis, mkuu wa skauti, yaani sisi tunaosaka vijana wenye kipaji: kila Desemba anataka nimwandikie tathmini ya wageni baada ya wiki zao mbili za kwanza, ukurasa mmoja kwa kila kijana. Basi nimekuwa nikisimama kando ya uwanja na daftari. Tumewapima kama unavyopima madume mnadani. Tumewabana ngozi ya tumbo kwa koleo kuona mafuta, tumewarukisha juu wadake mpira, tumewakimbiza hizo kilomita mbili zinazomtesa mwanao. Kondoo wako wanapimwa kwa heshima zaidi, kwa sababu angalau hawaulizwi maswali na mwanasaikolojia.

Wa kwanza ni Tommaso Ferraro, mtoto wa hapa hapa mjini. Miguu yake ni myepesi, mdomo wake mwepesi zaidi. Siku ya kwanza alimwambia beki wetu mkongwe kwamba alikuwa na picha yake ukutani alipokuwa chekechea, na mzee wa watu akamjibu kwamba aende akaibandue, kwa sababu atamfukuza uwanja mzima mpaka amwote usiku. Mama yake anamletea chakula langoni kila siku, sufuria nzima, na walinzi wameanza kunenepa. Atafaa. Mpira wake wa mguu wa kushoto ni mbovu, nami nimeliandika hilo.

Wa pili ni Mabior Atem kutoka Dandenong, mrefu kiasi kwamba kitanda cha familia inayomlea kimeongezewa benchi miguuni. Ameanza mchezo wetu huu wa miguu na mikono akiwa na miaka kumi na minne tu, kwa hiyo bado hajui asimame wapi, lakini akiruka anadaka mpira juu ya vichwa vya watu utadhani ameuweka huko mwenyewe asubuhi. Unakumbuka ile desturi ya kumsimamisha mgeni juu ya meza ya chakula aimbe mbele ya kikosi kizima. Ferraro aliimba vibaya akarushiwa mikate. Mabior aliimba wimbo wa kanisani kwa lugha ya mama yake, na hata mtu aliyekuwa akitafuna akaacha. Kisha nahodha akapaza sauti kwamba huyu asichezeshwe kabisa, awe anatuimbia tu tukifungwa, na kwa tunavyofungwa sisi atapata kazi ya kudumu.

Wa tatu ni Kade Warburton, ametoka mbali, Bunbury, upande wa magharibi. Huyu ndiye tuliyemchukua usiku wa uteuzi, zamu ilipotufikia katika nafasi ya thelathini na nane. Unaijua nafasi hiyo. Ndiyo ile mliyokuwa mkiingoja mbele ya televisheni pale klabuni Tarrabel, majirani wote wamekuja, soseji ziko jikoni, Fergus amevaa shati ulilompigia pasi mwenyewe.

Kade alipopandishwa mezani alifungua mdomo na badala ya wimbo kikatoka kilio. Wengine walicheka, mmoja akauliza kama mtoto aletewe chupa ya maziwa, na nahodha akamfokea anyamaze. Tangu siku hiyo kijana hali chakula. Anampigia mama yake simu mara saba kwa siku. Mama wa familia anayokaa nayo amemkuta mara mbili amefunga begi, na Jumatano mazoezi yakaanza yeye hayupo. Tukamkuta kituo cha basi la uwanja wa ndege, amekaa juu ya begi lake, hana hata tiketi. Nilimrudisha mimi kwa gari langu. Njiani aliniambia kwamba anataka kurudi kwao tu, na akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia sitasema.

Alhamisi niliandika ukurasa wake. Nitakunukulia neno kwa neno: "Anawakumbuka sana watu wa nyumbani. Ni jambo la kawaida kwa umri wake na litapita. Apewe muda na asilaumiwe." Niliweka sahihi, nikaenda kunawa mikono, na nilipojitazama kwenye kioo nikaona siwezi tena kukaa na barua yako mfukoni.

Sasa sikiliza. Mkutano wetu wa mwisho kabla ya uteuzi unakwenda hivi: majina yote yako kwenye ubao, kila jina kwenye kipande chake cha sumaku, na kila skauti anaandika kwenye kadi sababu moja ya kutomchukua kijana fulani. Moja tu. Sifa tumeshazisema mwaka mzima, Manolakis anataka kujua kitakachotuaibisha. Kisha mwenye undugu na kijana anatoka nje wakati jina lake linajadiliwa. Fergus alikuwa nafasi ya thelathini na nane kwenye ubao wetu, Ross. Sumaku yake ilikuwa pale tangu Septemba. Sikumweka mimi. Walimweka wenyewe, kwa miguu yake, kwa macho yake, kwa vile anavyorudi kukaba akiwa amechoka wakati wenzake wameshika viuno.

Mwaka mzima walikuwa wakinitania. Nikiingia ofisini mtu anauliza kama nimekuja kuuza kondoo wa familia. Nikisifu kijana yeyote wa Wimmera wanauliza huyo naye ni mtoto wa shangazi gani. Ni utani, na mimi nawatania wao, lakini uliniingia. Nina miaka hamsini na nne, sina mke, sina mtoto, sina shamba. Nilichonacho ni watu kusema kwamba Murray Tregloan hapendelei. Siku ya mkutano Manolakis alinipa kadi ya Fergus akasema niijaze kama wengine kisha nitoke, na akaongeza, akicheka, kwamba sasa ndipo tutaona kama damu ni nzito kuliko maji.

Ningeweza kuiacha tupu. Hakuna ambaye angeshangaa. Badala yake nilikumbuka ile wiki alipokuja kwangu kwa kambi ya mpira ya vijana, akiwa na miaka kumi na mitano. Mbwa wenu Tilly alikuwa mgonjwa, shemeji alikuwa amemweleza kwenye simu, na mtoto akakaa kwenye kochi langu akalia, akasema anataka kurudi nyumbani. Asubuhi yake alicheza vizuri kuliko wote kambini. Aliniambia, baba mdogo, usimwambie baba, ataniona legelege. Nikamwahidi. Leo ninaivunja ahadi hiyo kwa mara ya pili.

Mara ya kwanza ni kwenye kadi. Niliandika: "Atalilia nyumbani. Namjua." Nikaiweka mezani, nikatoka.

Nilisimama kwenye korido nikitazama picha za timu za zamani. Haikuchukua dakika tano. Manolakis alikuja mlangoni akanipa mkono, na akasema hajapata kuona uadilifu kama huo katika miaka thelathini ya kazi hii. Ross, nilifurahi. Ndicho kinachoniaibisha kuliko yote. Sumaku ya mwanao ilikuwa imeshabanduliwa, na mimi nilikuwa nikitabasamu kama mtu aliyetunukiwa.

Nilijidanganya kwamba klabu nyingine itamchukua. Lakini skauti wa mji huu wanakunywa kahawa pamoja, na kadi zina miguu. Wiki iliyopita skauti wa klabu nyingine aliniambia walikuwa naye kwenye orodha yao, wakamfuta asubuhi ya siku ya uteuzi baada ya kusikia kwamba hata mimi nimemkataa. Alisema nani anamjua mtoto kuliko baba yake mdogo. Aliyasema hayo kwa wema kabisa, akanilipia na kahawa. Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Ulikuwa ukiwatafuta adui wa mwanao mbali mno.

Na usiku ule wa uteuzi ulinipigia simu, ukanifariji wewe. Ulisema nisijilaumu. Nikakuambia nilifanya nilichoweza, na wewe ukasema unajua.

Basi hili ndilo jibu la barua yako: Fergus hajapungukiwa na kitu. Alipopimwa pamoja na vijana wenzake Oktoba alikimbia kilomita mbili kwa dakika sita na sekunde kumi na nne. Hakuna hata mmoja kati ya wageni wetu watatu aliyemfikia. Hata akikimbia mpaka mapafu yatoke, hatakiona anachokitafuta kwenye ile barabara, kwa sababu hakipo kwake. Tafadhali mzuie. Mnyang'anye hata ile saa. Akikataa, mpe barua hii aisome mwenyewe, yote, pamoja na habari ya Tilly. Najua utataka kumficha ili asinichukie. Usimfiche. Afadhali anichukie mimi kuliko kuichukia miguu yake.

Ijumaa nilikwenda kwa Manolakis nikamweleza kila kitu. Aliniuliza kama nimelewa. Kisha akafunga mlango, akasema nimechelewa, orodha imejaa, na kwamba kadi ni kadi. Nilimwomba angalau awapigie wenzake wa klabu nyingine. Akasema atasemaje, kwamba skauti wake mwenyewe ni mwongo? Nikamwambia ndiyo, aseme hivyo hivyo. Hakupiga. Jana na leo nimepiga mwenyewe, klabu moja baada ya nyingine. Wawili hawakupokea. Mmoja alicheka, akasema anaelewa, ni Krismasi, kaka yangu lazima amenibana. Wanadhani sasa ndiyo ninadanganya. Nilipomsema kijana vibaya waliniamini kwa neno moja, na sasa ninamsema vizuri na hakuna anayenisikia. Maji yamemwagika, nami sina cha kuyazolea.

Msalimie shemeji Glenys. Sijui utamwambiaje, ukitaka nimweleze mimi, nitampigia, na anitukane anavyojua. Wasalimie majirani wa klabuni, kama bado watataka salamu zangu. Krismasi hii msinitengee sahani mpaka mtakapoamua wenyewe. Nitakuwa hapa hapa.

Na Fergus, kama ndiwe unayesoma sasa: niliandika kwamba ninakujua. Nilikuona mara moja tu ukilia kwa ajili ya mbwa wako, nikaona hiyo inatosha. Sikujui, mwanangu. Wala sikukuuliza.

Ni mimi ndugu yako,
Murray