Maji Niliyoyatoa kwenye Rejeta za Babu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo sijapata kumwambia mtu: boila yetu, mashine ya gesi inayochemsha maji ya kupasha nyumba joto, haikujifia, mimi ndiye niliyeiua. Nina miaka kumi na tano, naishi hapa kwenye mji wa baridi wa Wick na Babu mzaa baba, na baba yuko kwenye mitambo ya mafuta baharini mpaka mwisho wa mwezi. Nyumba ilikuwa na joto la kusuasua, rejeta za ukutani, zile bapa za chuma ambamo maji hayo hupita, zikiwa moto chini na baridi juu, nikaazima kitabu maktaba nikasoma kwamba hiyo ni hewa iliyonaswa na dawa yake ni kuitoa kwa kifunguo kidogo, basi Jumamosi iliyopita Babu alipokwenda kunyolewa nikazunguka rejeta zote nane, kila moja nikaiacha itiririke mpaka beseni lijae ili niwe na hakika, nikafurahi kweli, nikawahi kurudisha kitabu bila kusoma ukurasa uliofuata, na jioni boila ikawasha taa nyekundu ikagoma.

Babu, ambaye huniita Profesa kwa kupenda kwangu vitabu, aliitazama akasema, "Miaka kumi na tisa, Profesa. Imechoka kama mimi." Nikamwacha aamini hivyo. Fundi hawezi kufika kabla ya wiki mbili. Babu sasa anakunywa uji akiwa na koti na kofia, anakohoa, na Shangazi, binti yake, amepiga simu: "Baba, Jumamosi hii nakuja kukuchukua uhamie kwangu Perth. Nyumba hiyo tunaiuza." Babu akamjibu, "Nitakuja Perth nikiwa ndani ya sanduku la maiti!" lakini jana nilimkuta anazifunga picha za Bibi kwenye magazeti. Usitaje jina langu redioni, Babu hukusikiliza kila Alhamisi. Nifanye nini?

Mwenye Aibu

*

Mwanangu Mwenye Aibu, kwanza pumua. Hujaua kitu. Boila yako ina kiu tu. Hewa uliitoa, vizuri, lakini ukatoa na maji mengi, na boila ikipungukiwa maji hukataa kuwaka. Kaitazame ile saa ndogo ya presha. Naona kabisa mshale umelala kwenye sifuri. Chini ya boila tafuta mpira mfupi wa maji wenye koki mbili. Boila ikiwa baridi, zifungue polepole, mshale ukipita namba moja kidogo zifunge zote, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha upya. Mshale ukishuka tena, maji yanavuja mahali: acha, msubiri fundi. Na kifuniko cha boila usikiguse kamwe. Humo mna gesi, si vitabu.

Na nikisikia sofa limeegemea rejeta, au soksi zimeanikwa juu yake, nitakuja Wick mwenyewe! Joto ni la watu, si la mgongo wa sofa.

Lakini koki ni kazi ya dakika tano. Kosa lako ni kunyamaza siku zote hizi, mzee akiamini nyumba imemshinda. Haijamshinda. Mwambie leo, kabla hujagusa koki. Akifoka, atafoka, utapona.

*

Mshauri, Alhamisi tulikuwa jikoni tukikusikiliza. Ulipokuwa ukisoma barua yangu ukafika kwenye "sanduku", Babu aliweka kikombe chini. Alingoja umalize, akazima redio.

"Huo ukurasa uliofuata," akasema, "ulikuwa wa ngapi?"

Nikamwambia sijui, kisha nikamwambia yote, nikalia.

"Nami nilishaizika, Profesa! Lete tochi."

Nilipiga magoti chini ya boila, yeye akamulika na kusoma mshale: "Sifuri... nusu... moja... basi, basi, funga!" Nikabonyeza kitufe, taa ikawa ya kijani. Tulisogeza sofa. Nikampigia Shangazi mwenyewe nikamweleza nilichofanya, na Babu akaenda chumbani kuzifungua picha za Bibi.

Shangazi alikuja Jumamosi vilevile, na masanduku mawili matupu. Aliyaacha mlangoni, akaigusa rejeta ya sebuleni ikiwa moto mpaka juu, kisha akavua koti. Nikalipokea, nikalitundika.