Kibali cha Siku Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 1952. Ruangwa

Penseli mbili, daftari la habari za gazeti, chai bila sukari. Barazani kesi za pombe tena. Washtakiwa wote wanawake, kosa lile lile: kibali cha kupika kimepitwa na muda. Kibali ni cha siku tatu. Pombe ya mtama inataka nane. Karani anajua. Wanawake wanajua. Bwana Shauri, Mwingereza anayetia sahihi, hajawahi kuuliza.

Binti Mnali, mjane wa Nandagala, ameonywa: akikamatwa tena, jela. Asipopika, hapati watu wa kumfyekea shamba. Huku kazi ya shamba huitiwa watu kwa pombe. Bila shamba, mwakani ni njaa.

Jumanne, 5 Agosti

Mwalimu wa msikiti anataka upishi wote wa pombe upigwe marufuku. Baraza litaamua Jumamosi. Ana hoja: mwaka huu amezika walevi wawili. Nimeiandika.

Alimkuta Binti Mnali sokoni.

"Bibi, moto unaujua wewe?"

"Naujua, mwalimu. Naupuliza kila siku."

Soko lilicheka. Mwalimu naye, kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Binti Mnali ameingia barazani na mtungi wa mtama uliolowekwa. Akaomba kibali. Kisha akaomba mtungi ubaki pale pale, askari aulinde.

"Siku tatu zikiisha, Bwana Shauri aonje yeye kwanza."

Karani akainamisha kichwa. Nilihofu yule mama atafungwa. Bwana Shauri akatia sahihi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mtungi umefunuliwa. Vichipukizi vyeupe, urefu wa ukucha. Pombe hakuna, na kibali kimekwisha. Wazee walikohoa kuficha kicheko.

Bwana Shauri hatimaye akauliza ni siku ngapi. Binti Mnali akamhesabia kwa vidole: kuota, kuanika, kusaga, kupika, kuchachua.

Uamuzi: hakuna marufuku. Kibali siku kumi. Mwalimu amepata lake pia: pombe ni ya kazi ya shamba tu, na jua likizama mitungi ifunikwe.

Nimefurahi. Gazetini sitasema hivyo.

Jumapili, 24 Agosti. Nandagala

Shamba la Binti Mnali limefyekwa hadi kwenye kijito. Kibali kimebandikwa mlangoni, kimebakiza siku mbili.

Mwalimu alikuja na panga lake, akamaliza ngwe nzima. Alipewa togwa, kinywaji cha nafaka kisicholevya. Aliinusa kwanza, akanywa.