Jibu Lililotoka Kwenye Flashi ya Mama Yako

Nyumbani kwenu, chumba cha mbele,
Jumamosi, asubuhi ya mvua.

Mpendwa Chiriku, mpwa wangu,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Hujambo wewe, na miguu yako inayosimama wodini kutwa inaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Kifua changu hubana mvua ikinyesha, na mama yako mdogo anadai kinabanwa na maneno niliyokosa mtu wa kumtupia. Bati la jikoni limeacha kuvuja. Tuko wazima, ila kuna jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nitafute karatasi na kalamu. Najua kwa sasa chochote kitakachokujia kwenye kioo cha simu utakitilia shaka. Mwandiko wangu mbaya hakuna awezaye kuughushi.

Mama yako mdogo amenieleza yote. Kwamba tangu tumzike mama yako umekuwa ukimwandikia kwenye anwani yake ya barua pepe. Kwamba wiki iliyopita alikujibu, barua baada ya barua, maneno yaleyale aliyokuwa akikujibu siku zote: "Nimeipata, mwanangu. Nimekaa sasa, naisoma." Na kwamba umeomba kuacha mafunzo ya ukunga, ukiwa umebakiza mtihani wa mwisho, urudi nyumbani kwa sababu mama anakuita.

Hakuiti. Nisikilize mimi mjomba wako. Aliyesababisha ujibiwe ni mimi, na wakati huo sikujua kama kuna mtu anajibiwa.

Unaikumbuka ile flashi aliyoivaa shingoni pamoja na funguo. Kompyuta yake mwenyewe hakuwa nayo. Alitumia ya kiwanda cha chapa alikopanga kurasa, na hiyo ikishikwa na mwingine, alitumia yoyote iliyo wazi. Lakini barua zake hakuziacha kwenye mashine ya mtu. Programu nzima ya barua pepe aliiweka ndani ya flashi, pamoja na barua zenyewe, anwani, neno la siri, kila kitu. Akichomeka, ofisi yake imefunguka. Akichomoa, ameondoka nayo, na mashine haibaki hata na harufu yake. Nilimsifu kwa hilo mbele za watu. Niliandika makala nzima kuyashambulia makampuni yanayokalia barua zetu kama mbwa anavyokalia mfupa.

Sasa, nilizitaka makala zangu za zamani. Kompyuta yangu ilikufa nazo, na mwenye nakala alikuwa mama yako peke yake. Nikaenda kiwandani na ile flashi yake. Mpiga chapa mkuu, yule tunayemwita Wino, akanikalisha kwenye kiti cha marehemu. Bado kimelalia kushoto, upande aliozoea kuegemea. Nikachomeka. Programu ikafunguka, na kabla sijagusa kitu ikaanza kuvuta barua. Zikashuka moja baada ya nyingine, kwa zile herufi nzito za barua ambazo hazijasomwa, na zote zina jina lako.

Chiriku, nilisukuma kiti nyuma. Sikujua kama unamwandikia. Nilichomoa flashi bila hata kuifunga programu, nikatoka nje.

"Mzee, umeona jini?" Wino akaniuliza.

Nikamwambia jini ni yeye, na ile sura yake.

Sikufungua hata barua yako moja. Hilo naapa. Lakini majibu yalikuwa yameshatoka.

Habari zako zilipofika nikarudi kiwandani nimefura. Wino akashikilia kwamba flashi imedukuliwa, kuna mhuni anaitumia. Mama yako mdogo akashikilia kwamba marehemu ana neno. Nikawaambia ninyi wawili ni walewale: mmoja anamwogopa mwizi asiyemwona, mwingine anamwogopa maiti, na hakuna aliyefungua menyu akasoma. Nikazima mtandao kwanza, nikachomeka, nikasoma mimi. Ndani ya mipangilio nikakuta amri mbili, mama yako amezitunga kwa mkono wake. Ya kwanza: barua ikiingia kutoka kwako, programu itume jibu lile, hapohapo. Ya pili ilikuwa yangu.

Utacheka, na una haki. Unajua kwamba kila makala niliyomtumia alinijibu hivi: "Nimeipata, mdogo wangu. Nakubaliana nawe nusu. Kunywa maji." Miaka yote hiyo nimegombana naye, nusu ipi? Nimewahi kumwandikia waraka mrefu kuitetea nusu niliyodhani ameikataa, na waraka wenyewe nao ukakubaliwa nusu. Wewe mwenyewe ulinisikia mezani nikijigamba kwamba dada yangu ndiye mpinzani pekee anayenitoa jasho. Kumbe jasho lote lile nililitoa mbele ya kisanduku chenye alama ya vema.

Najua kinachokuuma sasa, maana kilianza na mimi. Unajiuliza: hata alipokuwa hai, lile "nimekaa sasa" lilikuwa la mashine? Nilikasirika. Nilimsema marehemu kwa sauti, mpaka Wino akaniachia chumba. Kisha nikafikiri. Programu ile haikai mbali huko, ikijibu watu huku mwenyewe amelala. Imo ndani ya flashi. Haisemi neno mpaka mtu aje, aketi, achomeke. Kila ulipopata jibu lile, mama yako alikuwa amekaa kweli, na barua yako iko mbele ya macho yake. Nani alikuwa akimuuliza "mama umeipata? mama umeipata?" kabla hajamaliza kuvaa miwani? Alikuwa anakutafutia dawa ya wasiwasi. Zile barua ndefu zilizofuata, zenye umbeya wa majirani na vitisho vya usipokula, mashine haiziwezi.

Jibu lile limesema uongo siku moja tu, siku ambayo aliyekaa nilikuwa mimi.

Kwa hiyo usije kwa kuwa umeitwa. Hujaitwa. Huko wodini kuna wanawake wanaoita kweli, kwa sauti, nao wanautaka mkono wako. Ifute barua yako ya kuacha mafunzo leo hii, ufanye mtihani.

Barua zako zimo ndani ya flashi, hazijafunguliwa, nami nimeifungia kwenye kabati. Ni zako, kuzichukua au kuzifuta utaamua mwenyewe. Ukitaka kuendelea kumwandikia, mwandikie. Ila amri iliyokuwa ikikujibu nimeizima, na usinisihi niiwashe. Anayepokea watu duniani hawezi kuishi kwa kujibiwa na waliokwisha kuondoka.

Yangu sijaizima. Nakwambia kwa kuwa ukija utaiona, na sipendi kuitwa mnafiki na mtu niliyemfundisha neno hilo. Nimefika kwenye kile kisanduku, kidole kikakataa. Mimi niliyepigana na mawaziri kwa kalamu! Basi pasi mtihani, mwanangu, kisha uje na mikono yako iliyozoea kukata kitovu, uketi pale, unizimie amri hiyo.

Mama yako mdogo anakusalimu, ingawa tumenuniana. Kaka yako dereva anauliza saizi yako ya viatu. Bibi wa chumba cha nyuma anasema unenepe. Na Wino naye kaning'ang'ania nimtaje, basi, nimemtaja.

Mungu aishike mikono yako kila inapompokea mtu mpya, na akupe usingizi usio na maswali.

Nikupendaye, hata ukinikasirikia,

Mjomba.