Kigingi cha Jikoni kwa Mama

Kaka,

Mama mzima, kuku wanataga, na paa ulilotubadilishia mwaka jana halivuji tena. Hayo ndiyo mazuri.

Jumatatu nilitoka kazini nikakuta kigingi chekundu kimepigwa katikati ya jiko la Mama. Mpima ardhi akaniambia mfereji mkuu wa mashamba ya mpunga utapita hapo. Nikamwambia amekosea nyumba, hapa ni kwa mama yake mkurugenzi wa mradi. Akanifunulia ramani. Sahihi yako niliijua kabla sijasoma jina. Nikakaa chini.

Alisema mstari ungeweza kupinda ukatuacha, ila maji yasingefika mashamba ya bondeni, na nchi ingeendelea kununua mchele nje.

Niliingia ndani nalia, nimwambie Mama kwamba mwanawe anamvunjia nyumba. Nikamkuta anachambua mchele, ule ule unaoletwa kwa meli. Hakuinua hata kichwa.

"Mimi ndiye niliyemwambia aunyooshe mfereji," alisema. "Alikuja mwezi wa tatu, akasimama hapo mlangoni akanieleza yote. Nimepika mchele wa watu tangu niolewe. Nataka kula wa kwetu kabla sijafa."

Watu wote wanasema unaona mbali, na mimi nimeamini. Mbona basi hukuniona mimi niliye karibu, ninayelala chumba kinachopakana na jiko hilo? Mama ulimwambia kwa mdomo wako. Mimi nimeambiwa na kigingi.

Mdogo wako